Usalama wa mjengo huamuliwa kabla ya jembe la kwanza

SAA moja kasorobo asubuhi, nje ya ua wa mabati, vibarua tayari wamejipanga. Msimamizi anatokea langoni na kuashiria kwa kidole: wewe, wewe na wewe. Dakika kumi baadaye, mtu ambaye hajawahi kuiona ploti hiyo maishani mwake yumo ndani ya shimo, anachimba.

Kufikia saa hiyo, saruji ina kibanda chake. Nondo zimehesabiwa, mlinzi wa usiku ameajiriwa na kufuli imenunuliwa. Simnyoshei mtu kidole. Nilipojenga nyumba yangu miaka kadhaa iliyopita, bajeti niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe ilikuwa na safu ya kufuli, lakini haikuwa na safu ya hata kofia moja ngumu.

Wengi wetu hudhani usalama wa mjengo huanza pale mafundi wanapogawiwa kofia na gambuti. La hasha. Kofia ni kinga ya mwisho, wakati mengine yote yamekwisha kushindwa. Hatari nyingi zinazowaua vibarua huwa zimeamuliwa wiki kadhaa mapema, mezani, na watu watatu wasioshika jembe: mwenye ploti, msanifu na mwanakandarasi. Wao ndio huchora, hukadiria bei na kupanga ratiba.

Wakenya hawajasahau Januari 2006, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika eneo la Nyamakima, Nairobi, lilipowaporomokea mafundi na vibarua wakiwa kazini. Mkasa wa aina hiyo huja na kamera na viongozi. Lakini kibarua mmoja aliyefukiwa na udongo kitongojini huwa habari ya aya tatu. Nimezihariri habari nyingi kama hizo, na nakiri kwamba nafasi ilipokuwa finyu, aya tatu hizo zilikuwa mbili.

Kisheria, mambo yako wazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kutathmini hatari zilizopo mahali pa kazi na kuchukua hatua za kuzizuia. Eneo la kazi linafaa kusajiliwa na idara ya serikali inayohusika na usalama kazini kabla halijaanza kutumika. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, kamati ya usalama ni lazima. Nayo Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka uo huo wa 2007, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Isitoshe, tangu kuundwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi chini ya sheria ya 2011, mradi na mwanakandarasi wanapaswa kusajiliwa nayo. Aghalabu, hata hivyo, karatasi hizi hutafutwa ili kumridhisha mkaguzi, kisha zikatundikwa ukutani ilhali ploti yenyewe haijakaguliwa na yeyote.

Tuanze basi na ploti yenyewe. Chukua kipande cha kawaida cha futi 50 kwa 100, na mwenyewe anataka kujenga hadi mpakani. Msingi utachimbwa, na pengine shimo la majitaka. Swali ambalo mara nyingi haliulizwi ni hili: udongo utakaotolewa utawekwa wapi? Lisipojibiwa mapema, vibarua hulijibu wenyewe kwa kuurundika ukingoni mwa shimo, kwa kuwa hapana kwingine. Kisha lori la kokoto linakuja na kusimama papo hapo. Uzito huo wote unasukuma ukuta wa shimo, na aliye chini haoni kitu.

Udongo mwekundu wa maeneo ya kati una hila yake. Ukiwa mkavu husimama wima kama ukuta, hata mchimbaji akauamini. Mvua ya usiku mmoja ikipenya nyufani, ukuta huo humeguka bila onyo. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana kwa wingi mashariki na kusini mwa Nairobi, huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa takriban tani moja na nusu, wakati mwingine zaidi. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kufa kwa kukosa pumzi ingawa kichwa chake ki nje, kwani kila anapotoa hewa, udongo hushuka na kumbana zaidi. Wenzake nao wakirukia shimoni kumwokoa, huenda ukuta wa pili ukawaangukia.

Njia za kuzuia haya si ngeni. Kuta za shimo hulazwa ziwe mteremko, au huchongwa mithili ya ngazi, au huzuiliwa kwa mbao na nguzo. Udongo na magari huwekwa mbali na ukingo. Ngazi ya kutokea huwa karibu na anayechimba, na mtu mwenye ujuzi hukagua kila asubuhi na kila baada ya mvua. Lakini tazama vizuri: kuta za mteremko zinahitaji nafasi, mbao zinahitaji pesa, na ukaguzi unahitaji mtu anayelipwa. Hakuna hata kimoja cha hivyo kinachoweza kubuniwa asubuhi ya kazi na kibarua aliyeokotwa langoni. Mhandisi akishauriwa mapema, huenda akashauri msingi usogezwe kidogo kutoka mpakani, na ukuta wa jirani pia ukanusurika.

Baada ya kutazama chini, tazama juu. Nondo zinazouzwa humu nchini kwa kawaida zina urefu wa meta 12. Fundi aliye ghorofa ya kwanza anayeisimamisha moja ili kuivuta juu anaweza kuufikia waya wa umeme unaopita kando ya barabara. Na penye umeme wa nguvu nyingi, si lazima chuma kiguse waya ndipo kimuue. Kuomba nyaya zihamishwe au zizimwe huchukua muda. Ombi linalopelekwa siku nondo zinaposhushwa limechelewa.

Ratiba nayo ina lake. Zege hukadiriwa kufikia nguvu iliyokusudiwa baada ya siku 28. Nguzo zinazoishikilia slabu hukodishwa kwa siku, na kila siku zinapobaki pale mtu analipa. Mwanakandarasi aliyeahidi kumaliza ghorofa kwa majuma mawili hana budi kuzing'oa mapema, au kupandisha ghorofa nyingine juu ya zege changa. Fomeni atalaumiwa, lakini aliyeukubali muda huo mfupi ni mwenye mradi, siku ya kutia saini mkataba.

Uingereza iliandika wazo hili katika kanuni zake za 1994, zilizowabebesha wenye miradi na wasanifu wajibu wa kufikiria usalama wa wajenzi tangu kwenye mchoro. Ukuta mfupi ukizunguka paa, kwa mfano, humkinga fundi wa leo na yule atakayekuja kukarabati baada ya miaka 20.

Katika zabuni zetu, usalama mara nyingi huachwa ndani ya bei ya jumla. Mwanakandarasi anayeweka gharama ya majukwaa imara, mikanda na mbao za kuzuilia mashimo huonekana ghali na kushindwa na yule aliyeviacha. Dawa ni mwenye mradi kutaka gharama za usalama ziandikwe katika safu yake, kiasi kile kile kwa washindani wote, ili pasiwe na wa kushinda kwa kupunguza hapo.

Hatimaye kuna asubuhi ya kwanza. Kabla ya sururu kuinuliwa, kila anayeingia anafaa kuzungushwa ploti na kuambiwa, kwa lugha anayoielewa, shimo liko wapi, nyaya ziko wapi, sanduku la huduma ya kwanza analo nani na gari la kwenda hospitalini ni lipi. Jina lake kamili liandikwe daftarini, pamoja na nambari ya simu ya jamaa yake, na atie alama akiingia na akitoka. Mjengoni watu hujuana kwa majina ya utani. Jengo linapoporomoka, jambo la kwanza waokoaji wanalouliza ni idadi ya waliokuwa ndani, na pasipo daftari, hulazimika kuwasubiri akina mama wafike jioni langoni, mmoja mmoja, kuwaulizia waume na wana wao.