Mwanafunzi apewe ruhusa ya kuharibu tarakilishi

Katika shule na vyuo vyetu vingi, chumba cha tarakilishi hulindwa kuliko hata ghala la chakula. Madirisha yana vyuma, mlango una kufuli mbili, mashine zimefunikwa vitambaa, na ukutani pamebandikwa orodha ndefu ya makatazo. Mwalimu anayehusika hastahili kulaumiwa upesi. Mashine hizo zilinunuliwa kwa fedha za wazazi au zilitolewa na wafadhili, na ikiharibika moja, ni yeye atakayeitwa ofisini kujieleza. Hata hivyo, ulinzi wa namna hii, ambao huenda ukamfaa anayejifunza kupiga chapa barua, humdhulumu yule anayefunzwa kazi ya kusimamia mifumo ya Unix.

Mwandishi wa makala haya si mhandisi bali ni mwalimu wa isimu. Aliingia katika Unix kwa mlango wa uani, alipotaka kuhesabu maneno katika mkusanyiko wa matini za Kiswahili akagundua kwamba amri tatu fupi zilizounganishwa zingemaliza kwa dakika chache kazi ya majuma mazima. Miaka kadhaa baadaye alialikwa katika chuo kimoja kuwasaidia wakufunzi kuandaa maelezo ya Kiswahili kwa mafunzo ya siku tano ya usimamizi wa mifumo. Ilitangazwa kwamba mafunzo yangekuwa ya vitendo. Fundi wa maabara alikataa katakata kuitoa nywila ya msimamizi. Basi wanafunzi 18 waliketi mbele ya mashine 18 zilizowashwa, wakamtazama mkufunzi akiandika amri kwenye mashine yake moja, nao wakizinakili daftarini. Siku ya tano walipewa vyeti. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameongeza mtumiaji mmoja katika mfumo.

Ili msomaji aelewe kasoro iliyokuwepo, yafaa ajue jinsi Unix inavyogawa mamlaka. Wamo watumiaji wa kawaida, kila mmoja na mipaka yake, na yumo mmoja ambaye nambari yake ni 0, aitwaye root, yaani mzizi. (Saraka ya juu kabisa, ambamo saraka nyingine zote huchipuka, nayo huitwa mzizi. Wanaisimu hatuwezi kuliona jina hilo bila kutabasamu, kwani kwetu pia mzizi ndio unaobebeshwa viambishi.) Mtumiaji huyu hazuiwi na ruhusa za faili, na akiamuru jambo la kuangamiza, aghalabu mfumo humtii bila kumuuliza mara ya pili. Kuongeza watumiaji, kuweka programu, kupachika diski, kuanzisha na kuzima huduma: yote haya yanahitaji mamlaka yake. Kumfunza mtu kazi hii huku umemnyima mamlaka hayo ni kumfunza kuogelea ubaoni kwa chaki.

Sisi tunaofunza lugha tulikwisha kuupitia mjadala huu. Mwaka 1967 Pit Corder aliandika kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa jinsi anavyojifunza, na mwaka 1972 Larry Selinker akaipa jina ile lugha ya kati anayoijenga mwanafunzi akiwa safarini kuelekea lugha lengwa. Anayesema "viatu yangu" ametufunulia pale ambapo kanuni ya upatanisho haijakomaa akilini mwake. Aliyenyamaza kwa hofu ya kukosea hajatufunulia chochote.

Kosa la msimamizi wa mfumo lina faida iyo hiyo. Chukua faili iitwayo fstab, inayoorodhesha diski na mahali zinapopachikwa. Ukikosea herufi moja humo kisha ukaiwasha upya mashine, huenda isiamke kama kawaida. Itasimama njiani, kioo kikiwa cheusi chenye maandishi machache, ikingoja nywila ya mzizi. Hapo mwanafunzi hana budi kutambua kwamba diski kuu huenda imepachikwa kwa kusomwa tu, aipachike upya ili iweze kuandikwa, aitafute herufi ile na kuirekebisha. Ajuaye kwamba "pata" na "bata" zimetengwa na sauti moja tu hatashangaa kwamba herufi moja imelaza mashine nzima. Mwanafunzi aliyepitia dakika 20 za namna hiyo hatahitaji kukumbushwa kuinakili faili kabla ya kuigusa.

Kwa hivyo, suala si kuzuia uharibifu bali ni kuandaa chumba ambamo uharibifu hautagharimu chochote isipokuwa muda kidogo. Kwanza, ondoa katika mashine hizo kila kitu cha thamani. Alama za mitihani na hesabu za karo hazina kazi humo. Pili, tayarisha mashine moja kwa ukamilifu, iwe mama ya nyingine zote, kisha uichukulie nakala ya diski nzima. Programu ya Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan na isiyouzwa, hufanya kazi hiyo vizuri. Nakala ya gigabaiti 8 ikipitia waya wa megabiti 100 kwa sekunde huchukua takriban dakika 11. Kwa mashine 18, moja baada ya nyingine, hizo ni zaidi ya saa tatu. Lakini ikirushwa kwa zote pamoja, kama programu hiyo inavyoruhusu, huenda kazi ikamalizika kabla chai haijapoa. Asubuhi kila mwanafunzi atakuta mashine nzima, haidhuru aliiachaje jioni.

Jambo la mtandao ndilo linalosahauliwa zaidi. Mmoja wa wanafunzi atajifunza kuanzisha huduma ya kugawa anwani. Ikiwa waya wa darasa umeungana na waya wa chuo, mashine ya mhasibu itapokea anwani kutoka kwa mwanafunzi huyo na kupoteza mtandao, na mafunzo yatapigwa marufuku kabla ya saa sita. Darasa liwe na swichi yake lenyewe na anwani zake, tuseme zile zinazoanza na 192.168, zilizotengwa mwaka 1994 kwa matumizi ya ndani. Hali kadhalika, programu zitakazohitajika ziwekwe mapema katika seva ya humo humo darasani, maana watu 18 wakivuta faili ile ile kupitia kamba moja nyembamba ya intaneti, siku itakwisha kwa kungojea.

Wapo wanaoshauri kwamba siku hizi inatosha kutumia mashine pepe, yaani tarakilishi ya kubuni inayoendeshwa ndani ya nyingine, ambayo hurejeshwa katika hali yake ya awali kwa kubofya mara moja. Ni ushauri mzuri pale kumbukumbu ya mashine inapotosha. Lakini atakayeajiriwa atakutana na waya uliolegea, diski inayokwaruza na umeme unaopotea katikati ya kazi. Heri siku mbili angalau ziwe za chuma halisi.

Haya si mageni Afrika. Kundi la waendeshaji wa mitandao liitwalo AfNOG lilianza warsha zake Cape Town mwaka 2000, likafika Nairobi mwaka 2006 na tena 2017. Katika nyingi za warsha hizo mashine za darasani ziliwekewa FreeBSD, mmoja wa ukoo wa Unix uliokulia Berkeley, na washiriki wakaishika mamlaka ya mzizi kwa mikono yao. Hata Linux ina asili darasani: mwaka 1987 Andrew Tanenbaum alitoa Minix ili wanafunzi waweze kuufungua mfumo na kuuchokonoa, na miongoni mwa waliouchokonoa alikuwa mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliyetoa Linux mwaka 1991.

Mwandishi alirudi katika chuo kile baada ya mwaka mmoja. Safari hii wakufunzi walikuja na diski 18 kuukuu walizozikusanya huku na huko. Fundi yule yule alizichomoa diski za chuo, akazibandika nambari moja moja, akazifungia kabatini na kuutia ufunguo mfukoni, kisha akazipachika zile kuukuu. Alipomaliza, alichukua chaki akaiandika nywila ya mzizi ubaoni kwa herufi kubwa. Kufikia alasiri ya siku ya pili mashine nne zilikuwa haziamki, na wanafunzi walikataa kwenda kula.