Kusomea Sanaa: Chuo cha Sanaa au Chuo Kikuu?

SWALI:

Sisi ni Wapemba tunaoishi Kawajense, Mpanda. Kijana wetu amemaliza kidato cha nne na kipaji chake ni kuchora. Yeye anataka chuo cha sanaa Bagamoyo. Mama yake anataka aende kidato cha tano hadi chuo kikuu. Babu yake aliyeko Wete anasema kuchora ni haramu, aache kabisa. Tumsikilize nani?

JIBU:

Sifa zote njema Anastahiki Allaah, na rahma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Kwanza: Hukumu

Babu ana hoja. Al-Bukhaariy na Muslim wamepokea kuwa mtu mmoja alimjia Ibn 'Abbaas (Radhiya Allaahu 'anhumaa) akamweleza kuwa riziki yake inatokana na kutengeneza picha. Ibn 'Abbaas alimpa onyo la Mtume kuhusu watengenezaji picha, kisha akamwelekeza achore miti na visivyo na roho. Kwa hiyo onyo ni kwa viumbe wenye roho, na mlango wa halali ukabaki wazi: khati, nakshi, mimea, majengo. Visiwa vyetu ni shahidi. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria (1107), na milango ya Mji Mkongwe ni kazi ya mafundi.

Pili: Njia mbili

Chuo cha Bagamoyo, ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, kilianza mwaka 1981. Hupokea waliomaliza kidato cha nne, kwa astashahada na stashahada, na mkazo wake ni kazi ya mikono. Wazazi wajue kuwa kwa kawaida vyuo vya ngazi hiyo hutaka ufaulu wa masomo manne, na somo la dini halihesabiwi.

Chuo kikuu, mfano Dar es Salaam, ni shahada ya miaka mitatu baada ya kidato cha sita. Humo nadharia na historia ya sanaa huchukua nafasi kubwa zaidi, na humfaa anayetaka kufundisha au kufanya utafiti.

Njia hizi hukutana. Mwenye stashahada yenye GPA isiyopungua 3.0 anaweza kuomba shahada. Kwa hiyo anayeanzia Bagamoyo hajafungiwa chuo kikuu.

Tatu: La kufanya

Jina la chuo halihalalishi wala haliharamishi. Linaloangaliwa ni kile mkono utakachofanya. Kabla ya kulipa ada, ulizeni chuo chochote: masomo gani ni ya lazima? Bagamoyo hufundishwa pia muziki, ngoma na maigizo. Je, atalazimishwa kuchonga sanamu za watu? Ataishi wapi, na msikiti uko umbali gani? Maswali hayo hayo yaulizwe chuo kikuu.

Akipata nafasi ya kujikita katika nakshi, khati na usanifu, tunaona aanze na stashahada, kisha shahada, na hapo mama naye atakuwa amepata alilolitaka. Akikosa, akae kwa fundi wa milango ajifunze uchongaji. Na babu ashirikishwe kwa heshima, kwani anamhofia mjukuu wake Akhera.

Na Allaah Anajua zaidi.