Kurusha picha kwenye TV: Njia mbili, gharama mbili

MNUNUZI wa televisheni siku hizi huambiwa dukani kuwa seti hiyo inaunganika na simu, yaani kilichomo kwenye simu au kompyuta kitaonekana kwenye televisheni bila waya. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanachanganya mambo mawili ambayo gharama zake hazilingani.

La kwanza ni kuakisi. Simu huchukua kila kinachoonekana kwenye kioo chake na kukituma kwa waifai hadi kwenye televisheni. Simu ikizima, picha inakatika. Ujumbe wa benki ukiingia katikati ya mkutano, wateja watausoma pamoja na mwenye simu.

Mfumo mmojawapo wa kazi hiyo ni Miracast, uliotolewa na Wi-Fi Alliance mwaka 2012. Vifaa viwili huweza kuunganishwa moja kwa moja, bila ruta wala intaneti. Kwa ofisi inayotaka kuonyesha hesabu au picha za bidhaa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, hakuna data inayolipiwa. Windows inao tangu toleo la 8.1 la mwaka 2013; katika Windows 10 na 11 hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi K.

La pili ni kurusha. Hapa simu haitumi picha. Hutuma maelekezo tu ya mahali video ilipo. Televisheni, au kijiti kilichochomekwa kwenye tundu la HDMI, huifuata yenyewe kwenye intaneti, na simu hubaki kuwa rimoti. Mwenyewe anaweza kuzungumza na simu yake, filamu ikaendelea.

Uzuri huo una bei. Kioo kikubwa huomba picha safi zaidi, na Netflix yenyewe inaeleza kuwa filamu ya ubora wa HD inaweza kufikia GB 3 kwa saa. Kwa nyumba yenye intaneti ya kulipia kwa mwezi hilo halisumbui. Lakini mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa anayeipa televisheni intaneti kutoka kwenye kifurushi cha simu anaweza kupoteza GB 6 kwa filamu moja ya saa mbili. Aidha, kubana data alikokuweka kwenye simu kunaweza kusifuatwe na televisheni.

Mkanganyiko unazidishwa na ushindani wa makampuni. Apple ilianza AirPlay yake mwaka 2010 na haikujiunga na Miracast. Google nayo iliacha kuitegemeza Miracast kuanzia Android 6.0 ya mwaka 2015 na kushika mfumo wake wa kurusha, ingawa baadhi ya watengenezaji wa simu, Samsung wakiwemo, waliendelea kuiweka. Ndiyo maana simu mbili za Android zilizo mezani pamoja zinaweza kupishana: moja ikaunganika na televisheni ya duka, nyingine ikakataa. Afueni kidogo ilikuja mwaka 2019, Apple ilipotangaza kuruhusu AirPlay kwenye televisheni za Samsung, LG, Sony na Vizio.

Kwa upande wa bei, kijiti cha Chromecast kiliingia soko la Marekani mwaka 2013 kwa dola 35, na ndicho kilichofanya kurusha kuwe jambo la watu wa kawaida. Agosti 2024 Google ilitangaza kuacha kukitengeneza, ikaleta kifaa kingine cha dola 99.99.

Anayenunua kijiti cha mkono wa pili akumbuke kilichotokea Machi 2025. Chromecast za toleo la pili, zilizotoka mwaka 2015, zilikataa kurusha duniani kote kwa sababu cheti cha kielektroniki kilichomo ndani yake kilikwisha muda. Vifaa vilikuwa vizima kabisa. Google ilitoa marekebisho baada ya siku chache, na waliokuwa wameviweka upya kwa haraka ndio waliopata taabu zaidi.

Anayeakisi filamu ya kulipia akaona kioo cheusi huku sauti ikisikika, asikimbilie kwa fundi. Hiyo ni kinga ya hakimiliki, na programu nyingi za filamu huiweka makusudi. Filamu hiyo hiyo ikirushwa badala ya kuakisiwa, kwa kawaida huonekana, ila data italipiwa.