Fedha ya Zahanati Hupangwa Wapi?

Mwanachama wa chama cha msingi auzapo pamba au tumbaku yake hutaka kujua bei, uzito na makato. Ni haki yake, na ushirika ulianzishwa kwa ajili hiyo. Hata hivyo, wapo wanachama wengi wajuao kila senti iliyokatwa katika mauzo yao, lakini wasijue kwa nini zahanati ya kijiji haina dawa, au kwa nini jengo walilolijenga kwa nguvu zao halina mganga. Jambo hili la pili lina hesabu zake kama lilivyo la kwanza, na hesabu hizo zaweza kueleweka na mtu ye yote.

Kata ya Natta katika Wilaya ya Serengeti yafaa kuwa mfano. Ipo katika njia itokayo Musoma kwenda Mugumu, makao makuu ya wilaya, nayo imepakana na eneo la wanyama pori. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994. Katika nchi ya namna hii vijiji huwa mbalimbali, na mvua za masika huharibu njia. Mama mjamzito aliyepata shida usiku hawezi kusubiri hata barabara ikauke. Kwa hiyo swali la fedha ya zahanati ni swali la uhai.

MIFUKO YA FEDHA

Mwaka 1972 Serikali ilivunja halmashauri za wilaya, na mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa. Mwaka 1982 zilitungwa sheria za kuvirudisha vyombo hivyo viwili, navyo vikaanza kazi tena mwaka 1984. Tangu hapo zahanati na vituo vya afya vya Serikali vimekuwa chini ya halmashauri ya wilaya.

Fedha ya halmashauri kwa ajili ya afya hutoka katika mifuko kadhaa. Kwanza ni ruzuku ya Serikali Kuu, ambayo hulipa mishahara, matumizi mengineyo na miradi ya maendeleo. Pili ni Mfuko wa Pamoja wa Afya, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ambamo nchi rafiki na mashirika ya kimataifa hutia michango yao. Tatu ni mapato ya halmashauri yenyewe. Nne ni malipo ya wagonjwa na michango ya bima.

Mfuko huu wa nne ni mdogo sana vijijini, na sababu yake inaeleweka. Sera ya afya huwasamehe malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wazee wasio na uwezo, na hao ndio wengi wa wanaofika zahanati. Msamaha huo ni wa haki. Lakini maana yake ni kwamba zahanati ya kijijini haiwezi kujiendesha kwa makusanyo yake. Bajeti isipoitazama, itabaki kuta tupu.

KANUNI YA MGAWANYO

Katikati ya miaka ya 2000 Serikali ilianza kugawa fedha ya afya kwa kanuni maalum. Kati ya kila Sh. 100/=, Sh. 70/= ziligawanywa kwa kufuata idadi ya watu. Sh. 10/= zilifuata hali ya umaskini, Sh. 10/= vifo vya watoto wa chini ya miaka 5, na Sh. 10/= urefu wa njia ambazo gari la afya la wilaya hulazimika kupita. Kanuni hiyo imerekebishwa baadaye, lakini idadi ya watu imeendelea kuwa na uzito mkubwa.

Kanuni hii ilikuwa na haki kuliko desturi ya zamani, ambapo fedha ilifuata majengo, na wilaya yenye hospitali nyingi ikazidi kupewa. Hata hivyo mambo mawili hayana budi kuangaliwa. La kwanza ni kwamba umbali ulipewa sehemu moja tu kati ya kumi. Chukua mfano wa wilaya mbili zenye watu sawa, moja ikiwa na vijiji vilivyosongamana na nyingine ikiwa na vijiji vilivyotawanyika kando ya mapori. Ya pili itahitaji mafuta zaidi, zahanati zaidi na wauguzi zaidi kwa watu wale wale. La pili ni kwamba kaya isiyohesabiwa huipunguzia wilaya fungu lake. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.3 katika Mkoa wa Mara. Kila aliyejificha siku ile alijipunguzia dawa mwenyewe.

KALENDA YA BAJETI

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Wengi hudhani kwamba bajeti hutungwa mwezi Juni, Waziri wa Fedha asomapo hotuba yake Bungeni. Sivyo. Wakati huo mambo yamekwisha kupangwa. Mapendekezo huanzia katika mkutano mkuu wa kijiji, yakapita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha katika halmashauri ya wilaya ambayo huyajadili mwanzoni mwa mwaka. Baadaye huenda mkoani, yakafika wizarani, na Bunge huanza kuyazungumza mwezi Aprili.

Kijiji kinachotaka nyumba ya mganga kwa mwaka ujao chapaswa kuwa kimesema kabla ya Krismasi ya mwaka huu. Kikisema mwezi Mei, kimechelewa mwaka mzima. Asiyekuwepo na lake halipo.

Yafaa pia kukumbuka kwamba bajeti ni makadirio. Fedha iliyopitishwa si lazima iwe ndiyo itakayofika. Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti za serikali zao, na nchi nyingi hazijaifikia ahadi hiyo. Kwa sababu hiyo kuna maswali mawili ya kuuliza: kimepangwa kiasi gani, na kimepokewa kiasi gani?

DAFTARI LA ZAHANATI

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha ya Mfuko wa Pamoja hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kila zahanati na kituo cha afya. Hapo awali ilikaa wilayani, na mganga wa kijijini alilazimika kuomba. Badiliko hili ni kubwa. Sasa kamati ya usimamizi ya zahanati, ambayo wananchi huchagua wajumbe wake, ina neno katika mpango na matumizi.

Lakini madaraka bila hesabu hayana faida. Dawa huagizwa Bohari ya Dawa kwa kutazama matumizi yaliyoandikwa. Wagonjwa 40 wakitibiwa na 25 tu wakaandikwa, dawa za 15 hazitaonekana katika oda ijayo. Wanaushirika wanaujua msemo huu tangu zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

FEDHA YA WILAYA NA YA KIJIJI

Ushuru wa mazao ni sehemu ya mapato ya halmashauri. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5, ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Hulipwa na mnunuzi. Nafuu hiyo ilikuwa njema kwa biashara ya mazao, lakini pia ilipunguza fungu la halmashauri. Mazao yauzwayo kwa magendo usiku hayaleti ushuru wo wote, wala chama hakipati ujira wake.

Natta ina mfuko mwingine. Natta Mbiso na Makundusi, pamoja na Robanda, Nyichoka na Park Nyigoti, ni vijiji vitano vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, inayopata fedha kutokana na utalii. Sehemu ya mapato hayo hurudi vijijini. Hata hivyo fedha ya utalii hupanda na kushuka. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuia wageni, mapato ya utalii nchini yalianguka. Fedha ya namna hiyo yafaa kujenga na kununua vifaa. Mshahara wa muuguzi na dawa za kila mwezi havina budi kutegemea bajeti ya Serikali.

WAJIBU WA VYAMA VYA MSINGI

Kuijali jamii ni mojawapo ya misingi saba ya ushirika iliyokubaliwa duniani mwaka 1995. Chama cha msingi hakiwezi kuwa zahanati, lakini kina mambo ambayo kijiji hukosa: makarani wajuao hesabu, mikutano yenye kumbukumbu, na watu waliozoea kuuliza juu ya makato.

Inafaa kila chama kihimize wanachama wahudhurie mkutano mkuu wa kijiji kabla mapendekezo hayajapelekwa kwenye kata. Aidha, wachaguliwe katika kamati ya zahanati watu wanaoweza kusoma taarifa ya benki. Taarifa ya mapato na matumizi ya kila miezi mitatu ibandikwe mahali pa wazi, nayo isomwe mbele ya wananchi. Nguvu za kujenga zitumike baada ya kuhakikisha kwamba wilaya imeliingiza jengo katika mpango wake, pamoja na maombi ya watumishi. Zahanati iliyomalizika bila mganga ni jasho lililopotea.

Mkulima hakubali mzani asiouona. Basi na mzani wa bajeti autazame vivyo hivyo, tena mapema, kabla haujafungwa.