Kikombe cha Moto kwa Mgeni wa Siku za Baridi

Wilaya ya Rusizi, ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Cyangugu, ina hali za hewa zisizofanana hata kidogo. Bondeni Bugarama, penye mashamba ya mpunga, mtu hutokwa jasho hata usiku. Lakini apandapo kuelekea mashamba ya chai ya Shagasha, na kutoka hapo kuingia katika msitu wa Nyungwe ambao kilele chake cha Bigugu kinafikia mita zipatazo 2,950, hana budi kuvaa koti. Mji wa Kamembe uko katikati, juu ya Ziwa Kivu. Mvua za masika zinaponyesha jioni na upepo kupanda kutoka ziwani, baridi huingia hadi sebuleni.

Jioni za namna hiyo ndizo ambazo aghalabu wageni hubisha hodi. Baba amerudi kwa likizo, au amemaliza zamu yake, na jamaa wanakuja kumwamkia. Mwenye nyumba hutazama alicho nacho: chupa za bia zilizo baridi kama maji ya mto, au jagi la urwagwa, yaani pombe ya ndizi. Mgeni aliyeloa mvua hupokea kinywaji baridi kwa heshima tu, huku mikono yake ikitamani kushika kitu cha moto.

Kinywaji cha kumfaa kipo, na vifaa vyake vingi viko karibu. Ni mvinyo uliopashwa moto pamoja na viungo na asali. Kukitayarisha hakuchukui hata saa moja. Jambo linalotaka akili ni kujua nani amiminiwe, na kiasi gani.

ASILI YA KINYWAJI HIKI

Kutia viungo katika mvinyo ni desturi ya kale. Kitabu cha mapishi cha Warumi kijulikanacho kwa jina la Apicius kinaanza na maelezo ya mvinyo uliochanganywa na asali, pilipili manga na tende. Katika nchi za baridi za Ulaya desturi hiyo ilidumu. Wajerumani huuza mvinyo wao wa moto, Glühwein, katika masoko ya Krismasi, na Waswidi wana wao waitao glögg. Mdalasini na karafuu wanazotia humo hazioti kwao. Zilisafirishwa kutoka nchi za joto, na tangu karne ya 19 sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilitoka katika visiwa vya Unguja na Pemba. Hivyo mama wa Afrika ya Mashariki atiaye karafuu katika chungu chake haigi watu wa mbali. Anatumia mali ya nyumbani.

Rwanda nayo ina mfano wake wa jadi. Urwagwa uliotiwa asali huitwa inkangaza, na tangu zamani ulihesabiwa kuwa kinywaji cha kumheshimu mgeni. Pamoja na hayo kuna desturi ya gusogongera: mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo ampe. Maana yake ni kwamba mwenyeji anajua kilichomo chunguni, na yuko tayari kupatwa na lolote litakalompata mgeni wake. Desturi hiyo ni njema, na kila atayarishaye mvinyo wa moto yafaa aikumbuke.

KUCHAGUA MVINYO

Mvinyo mwekundu wa zabibu unafaa sana, na usiwe wa bei kubwa, kwani viungo vitaifunika ladha yake. Dodoma, katika nchi jirani ya Tanzania, zabibu za kutengenezea mvinyo zimelimwa kwa miongo mingi. Mvinyo wa ndizi uliofungwa kiwandani katika chupa zenye alama ya ubora unafaa vilevile, na mara nyingi ni rahisi zaidi kupatikana.

Urwagwa wa nyumbani nao unafaa, lakini una tabia yake. Ndizi hufukiwa shimoni ndani ya majani ya migomba hadi ziive, kisha humenywa na kukamuliwa kwa majani makavu ndani ya mvure wa mti. Maji yake matamu ndiyo umutobe. Umutobe huo ukitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa siku mbili au tatu, huchacha na kuwa urwagwa. Kwa kuwa mna unga, mtu akiupasha moto kama ulivyo atajikuta anakoroga uji. Dawa yake ni kuuacha utulie usiku kucha, kuumimina polepole ule wa juu uliotakata, na kuuchuja kwa kitambaa safi.

Hapa pana onyo moja lisilo na mzaha. Pombe isiyojulikana ilikotengenezwa isiingie ndani ya nyumba. Mwezi Desemba 2021 watu kadhaa walipoteza maisha wilayani Bugesera baada ya kunywa pombe iliyokuwa na methanoli, sumu ambayo huua na huweza pia kupofusha macho. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haitambulikani kwa kuonja. Asidhani mtu kwamba kuipasha moto pombe ya namna hiyo kutaifanya salama. Na kanyanga, ile pombe kali ya magendo, imekatazwa na sheria, wala haina nafasi katika mapishi haya.

MAHITAJI (vikombe 8 vidogo)

Mvinyo, lita 1.
Maji, nusu lita.
Tangawizi mbichi, kipande kama kidole gumba, iliyopondwa.
Mdalasini, kijiti kimoja.
Karafuu, punje 6.
Iliki, punje 4, zilizopasuliwa.
Chungwa moja, lililooshwa vizuri.
Asali, vijiko vikubwa 4. Wafugaji wa nyuki wanaoishi kandokando ya msitu wa Nyungwe hutoa asali nzuri. Ikikosekana, sukari itumike.

NAMNA YA KUTAYARISHA

Kwanza, tia maji katika sufuria ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu. Mvinyo una uchachu, na uchachu huila sufuria ya alumini na kuharibu ladha. Weka tangawizi, mdalasini, karafuu na iliki. Ongeza maganda ya chungwa yaliyokatwa membamba, bila ile nyama yake nyeupe iliyo chungu. Funika, uchemshe kwa moto wa wastani kwa dakika 15. Viungo hutoa nguvu yake katika maji yanayochemka, na ndiyo sababu huchemshwa peke yake kabla ya mvinyo kutiwa.

Pili, chuja maji hayo na uyarudishe jikoni. Mimina mvinyo pamoja na maji ya chungwa lenyewe. Punguza moto. Ikiwa ni urwagwa, sufuria iwe kubwa, maana hufanya povu na kufurika.

Tatu, simama karibu. Mvinyo huu haupaswi kuchemka. Kileo huchemka kwenye joto la nyuzi 78 za Selsiasi, chini ya maji, na mvinyo uliotokota huwa mkali na wenye ladha ya kupikwa. Mvuke ukianza kupanda na viputo vidogo kuonekana pembeni, epua mara moja. Hata hivyo, kuupasha moto hivi hakuondoi kileo chote. Mvinyo wa moto bado ni pombe.

Nne, tia asali baada ya kuepua, ukoroge, uonje. Mimina katika vikombe vyenye mshikio. Kila mgeni awe na kikombe chake. Mrija mmoja wa kupokezana ulikuwa ishara ya udugu, lakini hupokezana na maradhi pia.

CHUNGU CHA PILI

Mfano ni mama wa nyumba wa Kamembe, mke wa askari polisi, aliyepata wageni wanne jioni moja ya mvua. Wa kwanza ni askari mwenziwe mumewe, ambaye zamu yake inaanza saa sita usiku. Wa pili amekuja kwa pikipiki na atarudi kwa pikipiki, barabara ikiwa na utelezi. Wa tatu ni Mwislamu, hanywi kileo. Wa nne ni mzee wa jirani, ambaye kwake ni hatua ishirini tu. Mama huyu akiwa na chungu kimoja cha mvinyo, anaye mgeni mmoja tu wa kumpa. Wale watatu watakaa wakitazama, au, vibaya zaidi, watabembelezwa wanywe.

Kwa hiyo mwenyeji mwenye busara hupika vyungu viwili. Cha pili hutiwa umutobe mbichi lita 1 mahali pa mvinyo, na ndimu moja ili kupunguza utamu, asali haihitajiki. Umutobe ukamuliwe siku hiyohiyo, maana hauchelewi kuchacha, na ukishachacha si kinywaji cha watoto tena. Huu wafaa uchemke kabisa kwa dakika chache huku povu likienguliwa, kwani umekamuliwa kwa mikono na majani. Viungo ni vilevile na vikombe ni vilevile. Chungu hiki ni cha watoto, mama wajawazito, wanaotumia dawa, madereva, na kila mwenye zamu. Kiletwe sebuleni kwanza, kabla ya kile cha mvinyo, ili anayekitaka asilazimike kujieleza mbele ya watu.

JOTO LA UONGO

Wapo wanaosema kwamba askari aendaye lindoni usiku wa baridi anahitaji tone la pombe limpashe mwili. Kauli hiyo imewadhuru wengi. Kileo hutanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu ya moto hukimbilia nje, uso huwaka, na mtu huhisi joto. Lakini joto hilo ni lile lililokuwa likilinda moyo na viungo vya ndani, na sasa linapotea hewani. Mnywaji hujiona amepata moto wakati mwili wake unapoa, na kwa kuwa hajihisi baridi hajifuniki. Aliye sebuleni hana hatari kubwa. Aliye katika upepo wa Nyungwe saa nane za usiku anayo. Kinachompasha mtu wa lindo ni nguo kavu, chakula, na chai ya maziwa yenye tangawizi.

Jambo la pili la kuangalia ni utamu. Asali na viungo huficha ukali wa mvinyo, na mtu hunywa vikombe vitatu akidhani amekunywa kimoja. Vikombe viwe vidogo, chakula kitangulie, na mgeni asijaziwe kabla hajamaliza. Mwili huondoa kileo polepole, kwa saa nyingi. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala kunawa maji ya baridi.

Kadhalika, mgeni anayetetemeka hata akiwa karibu na moto asipewe mvinyo wala kuambiwa ni baridi tu. Huenda ni malaria, hasa akiwa ametoka bondeni. Mjumbe wa afya wa kijiji anaweza kumpima papo hapo, na kituo cha afya kitampa dawa.

KUMSINDIKIZA MGENI

Mwaka 2019 Polisi ya Rwanda ilianzisha kampeni ya usalama barabarani iitwayo Gerayo Amahoro, yaani fika kwa amani. Maneno hayo huandikwa kwa ajili ya wenye magari, lakini yanamhusu mwenye chungu pia. Ajali nyingi za ulevi zilianzia sebuleni, kwa mwenyeji mkarimu aliyesema, "Ongeza kimoja tu."

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Yule mama wa Kamembe alionja vyungu vyote viwili mbele ya wageni wake, kisha akamimina. Mzee wa jirani alipata mvinyo, vikombe viwili. Watatu waliosalia walikunywa umutobe wa moto, na harufu ya karafuu iliyojaa chumba ilikuwa ya wote. Saa tano na nusu askari wa zamu aliinuka, akafunga koti lake, akatoka mvuani akiwa na joto mwilini na akili timamu. Wa pikipiki alimfuata, taa ikiwaka, akishuka kilima taratibu.