Mazoezi ya msimu: Jihadhari na pupa

Huko Australia kuna soka linalochezwa kwa mikono na miguu, wachezaji 18 kila upande. Mchezaji wa kiungo huweza kukimbia zaidi ya kilomita 12 katika mechi moja. Msimu huanza Machi, lakini maandalizi huanza Novemba, joto la kiangazi likipanda.

Hawaanzi kwa pupa. Mbio huongezwa wiki hadi wiki, kwani msuli wa nyuma ya paja, unaoumia mno katika mchezo huo, huchanika ukilazimishwa ghafla. Pia hupimwa uzito kabla na baada ya mazoezi: kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji iliyotoka.

Bachar Houli, Muislamu aliyetwaa ubingwa na Richmond mwaka 2017, 2019 na 2020, alifunga Ramadhani huku akiwa mchezaji.

Nawe ukifunga, fanya mazoezi mepesi karibu na Magharibi, kisha futuru kwa maji ya kutosha. Usichangie chupa wala taulo. Ukisikia kizunguzungu, simama, kaa kivulini. Mwenzako akichanganyikiwa kwa joto, mmwagieni maji na mkimbizeni hospitali. Kuchelewa huua, na mwili ni amana.