Ualbino: Kwa nini bado hakuna dawa ya kurudisha rangi, na nini kinaokoa maisha leo

Mwezi Juni na Julai Mbinga huwa na baridi. Wachuma kahawa huingia shambani na masweta, na jua likitoka kila mtu hulifurahia. Kwa mtu mwenye ualbino huo ni wakati wa kudanganyika, maana baridi haipunguzi makali ya jua. Huku chini ziwani, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, joto lipo na usipa huanikwa mchanga ukiwaka. Pande zote mbili, ngozi isiyo na rangi ya kuikinga inaungua.

Siku hizi simu zinatuletea habari za dawa za kuziba "milango" mibovu ya seli kwa watu waliozaliwa na magonjwa ya ngozi. Mzazi mwenye mtoto mwenye ualbino akisoma habari hizo, swali lake ni moja: je, dawa hiyo itamfaa mwanangu? Tunalijibu swali hilo hapa, kisha tunaeleza cha kufanya leo.

Rangi ya ngozi inatengenezwaje?

Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando, na kwenye utando huo kuna milango inayopitisha chumvichumvi kuingia na kutoka. Seli zinazotengeneza rangi zina pia vifuko vidogo ndani yake, navyo vina utando na milango yake. Rangi ya ngozi, inayoitwa melanini, hutengenezwa ndani ya vifuko hivyo.

Kazi hiyo inafanywa na kimeng'enya ambacho hakipendi uchachu. Kifuko kikiwa kichachu, kimeng'enya kinalegea na rangi haitoki. Mlango mmoja wa kifuko, unaotokana na jeni iitwayo OCA2, unasaidia kupunguza uchachu huo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba mlango huu unapitisha kloridi, chumvi ileile iliyomo ndani ya chumvi ya mezani, na kwamba bila mlango huo rangi inapungua.

Ualbino unaoonekana zaidi Afrika unatokana na hitilafu ya jeni hiyo ya OCA2. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu watu wenye ualbino wa Tanzania ulionyesha kwamba kosa la kawaida zaidi kwetu ni kipande cha jeni kilichokatika. Kipande kikikosekana, mlango hautengenezwi sawasawa.

Mlango uliokwama wazi na mlango usiokuwepo

Hapa ndipo jibu la swali la mzazi lilipo. Yapo magonjwa ya ngozi ya kurithi ambayo mlango wa seli upo, lakini umekwama wazi. Mfano ni ugonjwa wa Olmsted, ambao ni adimu sana. Mlango unaopitisha kalsiamu hufunguka kupita kiasi, na ngozi ya viganja na nyayo inakuwa nene, inapasuka na kuuma vibaya. Mwaka 2020 madaktari wa Ufaransa waliripoti kwamba wagonjwa 3 walipata nafuu kubwa kwa erlotinibu, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani. Dawa hiyo haizibi mlango wenyewe. Inakata ujumbe unaotumwa ndani ya seli mlango unapokuwa wazi.

Kwa hiyo pale mlango unapovuja, kuzuia kunasaidia. Lakini kwenye ualbino wa OCA2 mlango umekosekana au haufanyi kazi. Nyumba isiyo na mlango huwezi kuitengeneza kwa kununua kufuli.

Kuna njia nyingine ambayo watafiti wanaifuatilia. Kifuko cha rangi kina mlango wa pili, unaoitwa TPC2, ambao kazi yake ni kinyume: unasaidia kifuko kuwa kichachu. Mwaka 2016 tafiti za maabara zilionyesha kwamba mlango huo ukiondolewa kwenye seli, rangi inaongezeka. Ndiyo maana wanasayansi wanauangalia kwa matumaini. Lakini TPC2 uko kwenye seli nyingi za mwili, siyo za ngozi tu, na kuuziba mwili mzima ni jambo la kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Hadi sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kurudisha rangi kwa mtu mwenye ualbino.

Unarithiwaje?

Kila mtu ana nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Ualbino hutokea mtoto akipokea nakala zote mbili zenye hitilafu. Baba na mama wenye rangi ya kawaida wanaweza kila mmoja kubeba nakala moja mbovu bila kujua. Wakiwa hivyo, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwenye ualbino.

Kadirio linalotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu 1 mwenye ualbino kati ya watu 1,400. Ukipiga hesabu kutoka hapo, karibu mtu 1 kati ya 19 anabeba nakala moja. Maana yake, nakala hiyo ipo katika koo nyingi. Mama hakukosea kitu na baba hana sababu ya kumkimbia mkewe. Na anayesema kiungo cha mtu huyu kinaleta utajiri ni mwongo na mhalifu.

Jua letu lina nguvu kiasi gani?

Mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na vijiji vingi vya Umatengo viko juu ya mita 1,300. Kwa hiyo mchuma kahawa anayesikia baridi anapigwa na mionzi mikali zaidi. Anayekaa ziwani naye hajapona, kwa sababu mchanga mweupe unarudisha mionzi kutoka chini. Kofia peke yake haitoshi ufukweni. Mawingu mepesi nayo hayazuii mionzi.

Pande zetu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 20 Oktoba na tena karibu tarehe 20 Februari. Oktoba ni wakati wa kuandaa mashamba, na mbingu mara nyingi ni nyeupe. Huo ndio wakati wa kujihadhari zaidi.

Hatari yenyewe ni saratani ya ngozi. Mwaka 1985 Dk. Jeff Luande na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa watu wenye ualbino nchini Tanzania. Kwa waliovuka miaka 20, hawakukuta ngozi isiyo na dalili za saratani au za kuielekea. Lakini saratani hii huanza polepole, juu ya ngozi, mahali inapoonekana. Ikiwahiwa inatibika.

Cha kufanya leo

Anza mtoto akiwa mchanga. Mvishe mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo.

Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, mpe kazi ya kivulini: kuchambua kahawa, kushona nyavu, kupima mzigo. Kuanika usipa afanye alfajiri, kugeuza afanye mwingine.

Mafuta ya kukinga jua yapakwe kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa 2. Tanzania tunayo ya kwetu, Kilisun, yanayotengenezwa KCMC Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Uliza hospitali ya wilaya au chama cha watu wenye ualbino namna ya kuyapata. Mafuta ya kulainisha ngozi hayazuii jua.

Kagua ngozi kila mwezi: uso, masikio, shingo, midomo na mikono. Kidonda kisichopona ndani ya wiki 4, gamba linalorudi au uvimbe unaotoa damu, nenda hospitali. Madoa ya mwanzo huondolewa kwa kugandishwa kwa baridi kali, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Macho nayo yanahitaji msaada, kwa sababu ualbino hupunguza uwezo wa kuona. Mwalimu, mkalishe mtoto mbele, mbali na mwanga wa dirisha, na umruhusu asogelee ubao.

Na ukiuziwa kidonge, sindano au dawa ya kienyeji ya "kurudisha rangi", usinunue. Dawa halali husajiliwa na TMDA, na ya namna hiyo haimo. Fedha hiyo nunulia kofia, mafuta na nauli ya kliniki.